Folda Iliyofifia

Nyumbani kwa Hashimu na Safina, mjini Bunda, folda iliyofungwa ilikuwa na maana moja tu: ndani yake mna wanawake.

Kazi yao ndiyo iliyotaka hivyo. Walipiga video za harusi. Hashimu alishika kamera upande wa wanaume, na Safina akaingia kwa kina mama, kule ambako mitandio huvuliwa na viuno hukatwa bila kumwonea mtu haya. Video za upande huo Hashimu hakuzigusa. Safina alizihariri mwenyewe, akazifunga kwa neno la siri alilolijua yeye na bibi harusi, na zikishakabidhiwa akazifuta. Kwa uaminifu huo waliitwa Bunda, waliitwa Musoma, na hakuna mume aliyewahi kulalamika.

Jumamosi moja Hashimu alikwenda Butiama peke yake kwenye harusi ya Kikristo, ambayo kamera moja inaitosha. Mwanaupe, mpambaji wa maharusi, alikuwa huko pia. Safina alibaki akihariri, mara kompyuta ikagoma: nafasi imejaa. Akatafuta cha kupunguza. Akafungua hata mafaili yaliyofichwa, maana Hashimu mwenyewe alimfundisha namna ya kuyaona.

Katikati ya folda za harusi ikatokea moja iliyofifia, kama khanga iliyofuliwa mno. Iliitwa “Mengineyo”. Akaibonyeza. Ikamdai neno la siri, na yeye hakuwa ameifunga.

Basi kuna mwanamke. Akakumbuka Ijumaa zote ambazo Hashimu, akitoka msikitini, hujifungia chumba cha kazi na spika za masikioni, kisha hutoka macho mekundu. Akiulizwa husema, “Kioo kinaniumizaga macho.” Kioo! Kikulacho ki nguoni mwako, na Safina alikuwa akiifua nguo yenyewe kila wiki.

Akajaribu jina lake mwenyewe kwanza. Maskini, aliliandika kwa tumaini kabisa. Likakataliwa. Akajaribu la mama mkwe, mwaka waliooana, jina la duka. Mwisho akaandika Mwanaupe. Nalo likakataliwa, lakini kwa wakati huo alikuwa amekwisha kuamini.

Bunda hapakuwa na fundi asiyemjua mumewe. Kwa hiyo alilifunga boksi la kompyuta kwa khanga, akaenda nalo Musoma, kwa fundi aitwaye Kwangu, mtu mpole mwenye meza iliyojaa waya.

“Karibu, mama. Nikuite mama nani?”

“Safina tu.”

Miaka minne alikuwa Safina tu. Binti yao wa pekee alichukuliwa na homa, akiwa ndio kwanza anajifunza kuhesabu. Matanga yalipoanuliwa, Safina aliwakataza majirani kumwita kwa jina la mtoto, naye akamwamuru mumewe afute kila picha, kila video ya mtoto. “Nikimwona nitakufa,” alisema. Baada ya siku chache Hashimu alimjibu akitazama chini kwamba amefuta. Jina lile halikutamkwa tena ndani ya nyumba.

Wewe huenda umeshashtuka. Safina hakushtuka. Huzuni ya mtoto alikuwa ameisukuma mbali, na wivu ulikuwa umemkalia mapajani.

Kwangu alihangaika, kisha akatikisa kichwa. “Kuifungua siwezi, mama. Huyu aliyeifunga alikuwa makini. Ila kuifuta, hata sasa hivi. Paswedi inazuiaga mtu kuona, haizuiagi kuharibu.”

“Ifute. Na isirudi.”

“Isirudi kabisa? Hapo napitisha programu ya kuandika juu yake. Hata mimi sitaweza kuirudisha.”

“Pitisha.”

Akakaa akitazama mpaka ikaisha. Alijisikia mwepesi, na alijipongeza.

Jioni Hashimu alirudi na kibakuli cha pilau alichokiomba jikoni kwa wenye harusi, maana hakupata kula cha shughuli asimkumbuke mkewe. Akamkuta amekaa kwenye kiti cha kazi.

“Nimesafisha kompyuta,” Safina alisema. “Yule mwanamke wako uliyemficha kwenye Mengineyo, nimemfuta. Nimempeleka Musoma akafutwa asirudi.”

Hashimu hakuuliza mwanamke gani. Aliweka pilau chini, sakafuni, ingawa meza ilikuwa pale. Akalishika lile boksi kwa mikono miwili.

“Ulijaribu kuifungua?”

“Nimejaribu majina yote. Langu, la mama yako, hata la Mwanaupe wako!”

“La mtoto je?”

Safina akageuka kulitazama boksi.

“Ungeandika Ikhlas tu,” Hashimu alisema. “Ungeandika tu, ingefunguka. Uliniambia nifute, nikashindwa. Nikakudanganya. Nisamehe, Mama Ikhlas. Nilikuwaga namsikiliza tu, mke wangu. Namsikiliza anavyohesabu.”

Safina alisimama, akakaa, akasimama tena. “Kwenye simu je? Kwenye kadi za kamera?”

“Nilifuta kote, usije ukakutana naye ghafla. Nilimbakisha pale tu.”

Hapo ndipo Safina alipolia. Alilia kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukilia, akijipiga kifua, akimwita mtoto kwa jina, jina ambalo asubuhi ile tu lingetosha. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya aliyamwaga kwa mkono wake. Hashimu hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

Baadaye walikaa sakafuni, pilau imepoa kati yao.

“Alikuwa anaruka nne,” Hashimu alisema. “Unakumbuka?”

“Nakumbuka.”

“Alikuwa anasemaje? Wewe ndiye uliyeshinda naye. Hebu sema kama yeye.”

Safina akafuta uso kwa ncha ya mtandio. “Moja,” alisema, “mbili, tatu, tano.” Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mzima, nzito, imekauka kwa kulia.

Hashimu alikuwa amefumba macho. Akasubiri, kisha akatikisa kichwa polepole.

“Siyo hivyo,” alisema. “Jaribu tena.”

Akajaribu tena.