Njoo na Kitambaa Chako

Kitambaa kilipanda bei tena wiki ileile watu walipoacha kuja kumpa Fundi pole. Alisimama mbele ya kaunta ya duka la vitambaa, mkono juu ya jora la pamba nyeupe analolinunua kila mara, na muuzaji, ambaye mtaa mzima unamwita Majora, akamtajia bei huku akitazama feni ya darini. Hakuthubutu kumwangalia usoni. Mwanamke katoka kuzika mume juzi, halafu wewe unamwambia mita imeruka tena! Hata mwenye duka ana mama yake.

"Dada, si mimi," Majora alisema. "Ingekuwa mimi ningekuuzia kwa ile ya zamani. Ni huko inakotoka. Mara mafuta, mara ushuru, mara pamba imekauka sijui wapi. Kila mzigo unakuja na hadithi yake."

"Sawa," alisema Fundi.

Majora alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Miaka yote Fundi alikuwa akipigania bei pale mpaka wateja wengine wanasogea kusikiliza, na safari moja alimwita mnyang'anyi mwenye risiti. Leo kasema sawa, kanunua nusu ya alichokijia, katoka. Majora alibaki na mkasi mkononi, akaona heri angetukanwa.

Hiyo "sawa" ndiyo iliyomkaa Fundi mdomoni tangu mazishi. Mumewe alikuwa mpiga rangi wa nyumba. Siku moja alianguka kazini, akafa kabla hajafikishwa hospitali, na tangu hapo hakuna kitu kilichomuuma mkewe. Hakulia makaburini, hakulia nyumbani. Mwanzoni watu walimsifu, ooh, mama jasiri. Siku zilivyosonga sifa zikageuka: ana moyo wa jiwe huyo, pengine walikuwa hawapatani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliosema hayo walirudi kwao wakala wakalala. Fundi mwenyewe alikuwa anajishangaa. Alijipapasa ndani kama mtu anayetafuta kwa ulimi jino linalouma, na jino halipo. Wifi yake alipouliza nguo za marehemu zipelekwe wapi, alimjibu chukueni tu. Zote? Zote. Wifi akazipeleka kwa mama yao, na kabati likabaki wazi.

Kazi ikaendelea, maana tumbo halina msiba. Fundi hushona mifarishi, yale matandiko mazito ya viraka vya rangi mbalimbali, yenye pamba katikati na kitambaa kimoja kizima upande wa chini. Mfarishi mmoja unakula kitambaa, wee acha tu. Bei zilipoanza kupanda alipunguza upana wa pindo. Zikapanda tena, akaanza kuzoa mabaki kwa mafundi cherehani, vile vipande vinavyoanguka chini ya mashine, ambavyo zamani walikuwa wakimwomba aje avichukue ili wao wasifagie. Nao si wajinga. Walipomwona anakuja na gunia, wakanunua mizani. Mizani! Takataka ya chini ya meza ikawa inapimwa kilo kama nyama.

Kwa hiyo alipotoka kwa Majora siku ile alichana boksi, akaandika kwa mkaa, akatundika mlangoni: NJOO NA KITAMBAA CHAKO, UTALIPA UFUNDI TU.

Watu wakaja. Walileta mapazia, sare za shule za watoto ambao sasa nao wana watoto, na mmoja alileta gauni lake la harusi, akaomba likatwe vipande vidogo kadiri mkasi utakavyoweza, na akaomba akae atazame. Enzi zake Fundi angecheka mpaka ashike mbavu. Alimpa kiti, akakata.

Ila kabla ya mkasi kulikuwa na beseni. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba ile. Ujanani Fundi alimshonea bibi harusi mfarishi mweupe wenye viraka vyekundu, na vile vyekundu hakuvitia maji kwanza. Siku ulipofuliwa, rangi ikatoka, mfarishi mzima ukawa kama umechinjiwa kuku, na bibi harusi akaja nao mpaka mlangoni akiwa na shangazi zake wote. Tangu hapo hakuna uzi uliopita mlango ule bila kulowekwa: maji ya moto, chumvi, sabuni, rangi itoke kama ni ya kutoka na kitambaa kinywee kama ni cha kunywea. Wateja walimpenda kwa hilo. Na siku hizi, kwa jinsi alivyokuwa, mikono ilifika kwenye beseni kabla ya kichwa.

Wifi alikuja asubuhi moja ya baridi, kakumbatia mfuko wa nailoni uliofungwa fundo juu ya fundo.

"Hodi, wifi."

"Karibu. Umeadimika."

"Nitaacha kuadimika, na mama hanipi hata nafasi ya kupiga chafya?" Wifi alikaa, mfuko mapajani. "Mama halali, wifi. Nguo za kaka kazipanga zote kitandani, mashati, lile koti, kila kitu, kazilalia kama kuku na mayai. Usiku zinaanguka, anashuka kuzitafuta sakafuni kwa mikono, na macho ndiyo hayo, haoni hata mlango. Juzi nusura avunje nyonga. Nikamwambia, mama, wifi yupo, azishone ziwe kitu kimoja. Utajifunika, haziendi popote."

"Akakubali?"

"Kwa shida! Kanuna wiki nzima. Kasema anakubali kwa kuwa ni wewe, mkono mwingine usiziguse. Kasema nikuambie usimpotezee mtoto wake." Wifi alijaribu kutabasamu. "Basi nimeona tangazo lako, nimekuja na kitambaa changu. Ila cha upande wa chini sina. Nilipita kwa Majora nikaulizia, nimetoka mle mbio kama nimeona nyoka."

"Nina shuka," alisema Fundi. "Na ufundi hulipi."

Wifi alimtazama muda mrefu, labda akingoja aseme neno jingine, au auguse mfuko. Kisha akauweka juu ya meza taratibu, akaaga.

Fundi alichemsha maji. Alifungua mafundo uani, akageuza mfuko juu chini, na nguo zote zikaingia kwenye beseni kwa mkupuo. Akamwaga maji ya moto, akatia konzi mbili za chumvi, akaacha zilowe huku akiwaza kama koti litaingia katikati au pembeni. Kisha akaketi kwenye kigoda akafua. Alisugua sana kola, kwa sababu kola za wanaume hushika uchafu, akasugua na makwapa. Matone ya rangi za kuta za watu hayakutoka, hayo aliyaacha. Maji yalikuwa ya kahawia. Akayamwaga mtaroni, akasuuza, akasuuza tena, akaanika.

Wifi alipita jioni akitoka sokoni, akaingia kwa mlango wa uani. Alisimama mbele ya kamba.

"Wifi."

"Bee."

"Umezifua?"

"Nafua kila kitu kabla ya kukata. Rangi isije ikatoka."

Kapu la Wifi lilitua chini lenyewe, nyanya zikabingirika mpaka chini ya kamba. "Mungu wangu. Wifi, umemfua kaka!"

Fundi hakuelewa.

"Harufu yake!" Wifi alipiga kelele. "Ilikuwa harufu yake! Mama mashati atayafanyia nini, anayaona? Alikuwa anayanusa! Tangu kaka afe hatujaziacha zipate hewa, nguo hata moja haikutiwa maji, ndiyo maana nikafunga mafundo yale yote!"

"Hukuniambia."

"Nikuambie?" Wifi alikuwa analia sasa, kamasi na machozi pamoja. "Wewe ni mkewe! Nani anamwambia mke?"

Fundi alijua kwamba hapa ndipo mtu anapoanguka chini. Alingoja aanguke. Aliona nyanya moja imepasuka, aliona umande unakaribia na nguo bado mbichi, na hakuona kingine. Akaanza kuanua.

"Tunamwambiaje mama?" Wifi aliuliza baadaye, amejikalia kwenye kigoda. "Tutafute mafuta aliyokuwa akijipaka. Au tununue rangi, tutie tone."

"Mama hadanganyiki kwa rangi," alisema Fundi. "Nitamwambia mimi."

Maji yakimwagika hayazoleki. Alishona. Alikata mashati, akaacha mifuko na vifungo mahali pake ili vidole vya mama mkwe vipate pa kushika, akaweka koti katikati. Shuka la upande wa chini alilitoa kitandani kwake mwenyewe, likapita kwenye beseni nalo. Pindo alilitengeneza kwa suruali, nyembamba, maana kitambaa hakikutosha. Kwa mkono wa kazi, ulikuwa mfarishi mzuri kuliko yote aliyowahi kushona, na alipoumaliza aliukunja, na mchana wa siku ya pili akaupeleka kwa mama mkwe kama mzigo wa mteja yeyote.

Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, dirisha wazi, miguu imefunikwa kanzu kuukuu ya kulalia. Aliposikia hatua alinyoosha mikono yote miwili.

"Mkwe wangu. Mlete."

Fundi akamtandazia mapajani. Bibi kizee akaanza kupapasa, na uso wake ukafunguka. "Hili koti. Eh, hili koti, nilimwambia asilinunue, ni la mzee. Na hiki kimfuko ni cha shati la kazini, unaona kilivyotoboka, alikuwa anatia misumari. Mkono wako mzuri, mwanangu. Mungu akubariki." Kisha akaushika kwa ngumi mbili akauleta usoni.

Akavuta pumzi. Akashusha, akashika mahali pengine, akavuta tena. Alipanda na mfarishi mpaka kona ya juu, akashuka mpaka kona ya chini, na Wifi aliyekuwa mlangoni akageuka akatoka nje.

"Sabuni," alisema mama mkwe.

"Nilizifua, mama." Fundi alipiga magoti kando ya kitanda. "Wifi hana kosa. Ni mimi. Kila kitambaa nakifua kabla sijakikata, nikazifua na hizi. Sikufikiri."

Mama mkwe aliushusha mfarishi mapajani. Alikuwa mtu wa maneno, mwanamke aliyewahi kumfokea mchungaji mbele ya waumini, na Fundi akangoja afokewe. Pengine alitamani afokewe.

"Si ungenishonea wa vitambaa vya dukani," mama mkwe alisema hatimaye, polepole, "hizi ukaniachia?"

"Kitambaa kimepanda, mama."

"Kimepanda."

"Kimepanda sana."

Bibi kizee alitikisa kichwa kama anayesikia habari za nchi nyingine. Vidole vyake vilikuwa vimeshika kifungo, vinakizungusha.

"Nikuulize kitu, mkwe wangu. Na usinidanganye kwa kuwa ni mzee. Ulipofungua ule mfuko, alikuwa bado yumo?"

Fundi alimwangalia.

"Kwa sababu mimi nilikuwa sina hakika tena," alisema mama mkwe. "Siku hizi za mwisho nilikuwa nanusa, nanusa, naona kama ananitoka. Nikajiambia ni pua yangu, imezeeka kama macho. Wewe pua yako nzima, na wewe ndiye uliyelala naye. Niambie tu. Alikuwemo?"

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Ndiyo, mama, alikuwemo, pua yako ndiyo iliyochoka. Mtu yeyote angesema hivyo, na Fundi akafungua mdomo aseme. Lakini ili aseme ilibidi arudi kwanza uani, afungue mafundo yale, na aliporudi alikuta mvuke, alikuta chumvi, alikuta mikono yake miwili inageuza mfuko. Alitafuta. Akatoka uani akaenda kumtafuta kwingine: mlangoni jioni akirudi kazini, kitandani upande wake wa ukutani, shingoni siku za mwanzo walipooana. Aliona shingo. Aliona hata kovu dogo chini ya sikio. Harufu haikuja. Kila alipogusa palinuka sabuni.

"Sikunusa, mama," alisema.

"Hata kidogo?"

"Nilimimina tu. Nilikuwa naye mkononi, mama, nikammimina tu. Sikumbuki ananukiaje. Mama, sikumbuki!"

Ndipo ikauma. Iliuma yote kwa pamoja, siku ile ya simu kutoka kazini, na makaburi, na kabati, ikamtoka kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, mpaka Wifi akarudi mbio kutoka nje akasimama mlangoni na mkono mdomoni. Fundi alilia ameinamia ukingo wa kitanda kama mtu aliyevunjiwa nyumba akiwa ndani. Mama mkwe hakumwambia nyamaza. Alimwekea mkono mmoja kichwani, na kwa mkono mwingine akaendelea kuupitisha mfarishi puani, kiraka baada ya kiraka, mshono baada ya mshono, ndani ya mifuko, chini ya kola ya koti.

"Pengine kuna mahali maji hayakufika," alisema.

Mahali hapo hapakuwepo. Fundi alijua, alikuwa amesugua kwa mikono yake, akasuuza mara mbili. Lakini alifuta kamasi kwa kiganja, akashika upande wa pili wa mfarishi, akaanza kunusa.