Makaa Mekundu

Darasa la jioni Kilindoni, Swabaha alikuwa akipiga hesabu ya gesi, mwanawe mgongoni, mara kalamu ikasita. Hesabu ilisema hivi: hewa ikiwa haba, kadiri makaa yanavyozidi joto, ndivyo mchanganyiko unavyoelemea kwenye kaboni monoksaidi, gesi isiyo moshi wala harufu, nayo inaua.

Akamkumbuka wifi yake Zuena kule Baleni, mzazi wa juzi, dirisha limezibwa kwa kanga asipigwe na upepo, jiko la vifuu uvunguni. Akatoka mbio kutafuta bodaboda.

"Shikamoo mama. Dirisha lifunguliwe!" Swabaha alisema alipofika, akimshusha mwanawe mgongoni.

"Marahaba. Lifunguliwe kwa lipi?" Mama mkwe wake, Bi Sheikha, alikuwa ukumbini akikuna nazi. "Saba nimewazaa mimi, wote juu ya makaa. Na haya nimeyaacha uani mpaka yakawa mekundu, moshi wote ukaisha."

"Hayo mekundu ndiyo mabaya, mama."

"Haya, msomi. Kamwamshe basi. Tangu alasiri wamelala, yeye na mwanawe, raha mustarehe."

Swabaha akaingia, akaing'oa kanga, akamburuta Zuena mpaka uani, akarudi kumchukua mtoto. Zuena akatapika, akafumbua macho. Kichanga hakulia.

Bi Sheikha alimpokea mjukuu, akampuliza usoni, akamwita, akampuliza tena.

"Mbona moshi niliungoja uishe?" akauliza. "Mwanangu, si niliungoja?"

"Uliungoja, mama," Swabaha akasema, akaketi mchangani kando yake. Hesabu hakumwambia.