Banda la Mfano

Mume wangu Fanueli alikuwa mkulima kabla mkoa haujamgundua. Nasema hivyo ili nimtendee haki, maana wapo wanaodhani alizaliwa na kofia ya mradi kichwani. Alilima viazi na mahindi, alifuga ng'ombe mmoja wa maziwa, na jioni alinuka samadi kama mwanaume mwingine yeyote wa huku kwetu. Bahati yetu mbaya ilikuwa nyumba. Iko kando ya lami, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya, karibu vya kutosha na Iringa mjini kwa mgeni kuja asubuhi, kupiga picha, na kuwahi chakula cha mchana hotelini.

Mkoani kulikuwa na kamati ya kuratibu maendeleo. Kazi yake, kama tulivyoelezwa kwenye mkutano, ilikuwa kuhakikisha miradi hairundikani sehemu moja wakati kwingine hakuna kitu. Aliyeiendesha ni Bwana Sosthenes Kalinga, mkazi wa Kihesa mjini, mtu mwenye sauti nzuri ya kwaya na mikono laini kama ya mtoto mchanga. Shirika likija na biogesi, Kalinga alilileta kwetu. Likija jingine na tangi la kuvuna maji ya mvua, kwetu. Banda la mfano la ng'ombe, lenye sakafu ya saruji iliyonyooka kuliko ya nyumba ya mchungaji, kwetu pia. Mabango ya wafadhili yakajaa mbele ya uwanja mpaka mtu akitoka barabarani haoni mlango uko wapi.

Siku moja nilimuuliza Kalinga kwa nini hapeleki hata kimoja Lusinga, kijiji cha juu mlimani alikoolewa dada yangu Faustina. Alinitazama kwa huruma.

"Mama, Lusinga hakufikiki."

"Watu wanafika kila siku. Mimi mwenyewe naenda kwa miguu."

"Namaanisha hakufikiki kwa wageni."

Fanueli alicheka, kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. Alikuwa ameshaanza kubadilika. Alijifunza kusema wadau, fursa, mnyororo wa thamani. Jembe alilishika siku za kamera tu. Jumapili moja aliombwa kuombea chakula kwa jirani, akasimama, akakohoa, akasema, "Itifaki imezingatiwa," ndipo akamkumbuka Mungu. Watu waliitikia amina. Mimi nilitazama sahani yangu.

Shamba likabaki langu, na ng'ombe akabaki wa kila mtu, ndiyo kusema hakuwa wa mtu. Aliugua ndigana, ile homa ya kupe, akafa wiki ambayo mume wangu alikuwa Mbeya kwenye maonesho ya Nane Nane, amesimama chini ya turubai akifundisha watu kuogesha mifugo. Nilimpigia simu. Akaniambia nisimwambie mtu mpaka arudi. Nikachimba shimo na majirani, tukamfukia.

Banda likakaa tupu, safi, linang'aa.

Mvua za kwanza zilipokaribia, Kalinga alikuja mbio. Ujumbe mzito ulikuwa njiani kutoka Mbeya. Wakubwa wa kule walitaka kujifunza namna mkoa unavyoratibu maendeleo ya vijiji, na kijiji cha kujifunzia, bila shaka, ni uwanja wetu. Alizunguka banda, akachungulia ndani.

"Ng'ombe yuko wapi?"

"Alikufa," nikasema.

"Alikufa?" Akamgeukia Fanueli kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa. "Mbona kwenye taarifa bado yupo?"

Kalinga alitembea huku na huku, akapangusa jasho, kisha akasema basi atafutwe ng'ombe mwingine, wa siku ile tu. Wote wawili wakanitazama mimi. Walijua Faustina anaye mmoja.

Nilikwenda. Naweza kusema nililazimishwa, lakini hakuna aliyenishika mkono. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa mke wa mtu, na mke wa mtu hubeba aibu ya nyumba mgongoni hata kama hakuizaa yeye.

Nilimkuta dada anatoka mtoni na ndoo kichwani. Mumewe alifanya kazi Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi mpaka alipofariki, na huyo ng'ombe, Sikitu, ndiye kitu cha mwisho alichomnunulia mkewe. Nilimsalimu kwa heshima zote.

"Kamwene, dada."

"Kamwene." Alitua ndoo, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Hao wageni wakishamwona Sikitu, watakuja na huku?"

"Hapana."

"Angalau wewe hunidanganyi." Akapangusa uso kwa ncha ya khanga. "Mchukue. Ndama atabaki, hawezi huo mteremko. Lakini jioni ile ile arudi. Hajawahi kulala mbali na mwanawe."

Nikateremka na Sikitu alfajiri ya siku ya wageni. Tangu tulipofika hakunyamaza. Alisimama kwenye saruji ya wafadhili, shingo ameinyoosha kuelekea mlimani, analia. Fanueli akajaribu kumtupia pumba. Hakuzitazama.

Magari yakaja, meupe, marefu, yakajipanga kando ya lami. Wakashuka watu wa Mbeya na watu wa kwetu, wakasalimiana kwa kukumbatiana kama ndugu waliopotezana. Kiongozi wa ujumbe alikuwa mzee mmoja mnene, Mheshimiwa Tadeo, ambaye alipewa kiti chenye mto na hakukiacha. Kalinga akashika kipaza sauti. Alieleza jinsi mkoa unavyokaa na halmashauri, jinsi halmashauri zinavyokaa na kata, jinsi kata zinavyokaa na vijiji. Kwa maelezo yake, mkoa mzima ulikuwa umekaa. Kila alipofika kwenye neno zito, Sikitu alilia, naye alilazimika kulirudia.

Ikafika zamu ya mume wangu. Alivaa suti ya kijivu aliyopewa na mradi fulani, ikimbana mabegani. Alisema zamani alikuwa gizani na sasa yuko kwenye mwanga. Alisema ng'ombe huyu amemsomesha mwanawe Anord. Mwanangu Anord alisomeshwa na viazi nilivyochimba mimi, na sasa anatengeneza pikipiki Makambako. Watu wakapiga makofi.

Katika ujumbe ule alikuwepo dada mmoja mdogo kiumri, ofisa kutoka Mbeya, Mercy Lugano. Yeye hakuketi. Alisogea bandani, akainama, akamtazama Sikitu chini.

"Samahani," akasema kwa sauti. "Mbona kiwele kimejaa hivi? Hajakamuliwa leo?"

Mimi nilitaka kumkamua asubuhi, Kalinga akakataa, akisema kiwele kikubwa kinapendeza kwenye picha.

"Tumewaachia wageni wetu heshima ya kushuhudia," akajibu Kalinga bila kupepesa. "Bwana Fanueli, karibu."

Fanueli akachukua ndoo na kigoda. Nilijua kitakachotokea, nikamwacha. Alikwenda kwa nyuma, bila kumgusa ubavuni, bila kumsemesha, akaketi na suti yake, akashika chuchu kama anabonyeza kengele ya mlango. Sikitu akampiga teke moja la kifua. Ndoo ilikwenda upande wake, mume wangu upande wake, chali juu ya ile saruji laini.

Nilicheka. Sijui kilitoka wapi kile kicheko, lakini kilikuwa kirefu, na kilipoisha watu wote walikuwa wananitazama.

"Msimlaumu ng'ombe," nikasema. "Yeye hamjui mume wangu. Ni wa dada yangu Faustina, wa Lusinga kule juu. Wetu alifia humu humu, mume wangu akiwa Mbeya kwenu anawafundisha kufuga. Huyu tumemwazima ili mje mmwone. Analia kwa sababu ndama wake yuko mlimani."

Nilidhani nimevunja kitu. Nilisubiri kelele. Fanueli, bado yuko chini, alifumba macho. Lakini sikuwa nimemjua Kalinga vya kutosha. Alitabasamu, akarudisha kipaza sauti mdomoni taratibu.

"Ahsante sana, Mama Anord. Mheshimiwa, mama ametueleza kwa lugha yake ya nyumbani jambo ambalo sisi kitaalamu tunaliita mzunguko wa mifugo. Kijiji cha juu kinachangia mnyama, kijiji cha barabarani kinachangia miundombinu. Pasipo uratibu wa mkoa, vijiji hivi viwili visingekutana."

Mheshimiwa Tadeo akatikisa kichwa polepole, ameguswa.

"Hili," akasema, "tulichukue. Lazima tulichukue."

Wakapiga makofi kuliko mwanzo. Nimeona watu wakidanganywa na wakakasirika. Sijawahi kuona watu wanaambiwa ukweli mbele ya macho yao, wakaukunja vizuri, wakautia mfukoni, wakaondoka nao kama zawadi.

Mercy peke yake hakupiga makofi. Alivua saa, akakunja mikono ya blauzi. Mimi nikamshika Sikitu kichwa, yeye akakamua, kwa mkono wa mtu anayejua.

"Mama yangu alifuga wawili nyuma ya nyumba, Ilomba pale Mbeya mjini," akaniambia kwa sauti ya chini. "Pole, mama. Na kwetu ni hivi hivi."

"Sasa utawaambia?"

Alinawa mikono, akavaa saa yake, akaingia garini na wenzake. Nilikuwa nimeanza kumpenda. Anayejua na akapanda gari namdharau zaidi ya yule mzee wa kiti, maana mzee yule angalau hakuwa na cha kujua.

Wageni walipoondoka, Kalinga alibaki. Alikuwa na furaha.

"Ng'ombe abaki," akasema. "Wiki ijayo tuna watu wa Dodoma. Dada yako tutamwingiza kwenye mpango."

"Mpango gani?"

"Utaandaliwa."

Fanueli, anajikung'uta suti, akasema, "Bwana Kalinga amesema kweli. Abaki."

Nikafungua kamba. Mume wangu akanishika mkono.

"Mama Anord, unaniaibisha mbele ya mkoa!"

"Mkoa uko wapi hapa?" nikamuuliza. "Mimi namwona Sosthenes tu, amesimama kwenye uwanja wangu. Niachie."

Aliniachia. Sijui aliona nini usoni kwangu. Kalinga alianza kusema kuhusu utaratibu, nami nikampita na ng'ombe karibu sana hadi akaruka pembeni. Hakuna aliyenifuata. Njia ile ilikuwa imelowa, na wote wawili walikuwa wamevaa vizuri.

Tulipovuka kijito cha mwisho, ndama alisikia sauti ya mama yake, akaitikia. Sikitu alinivuta kwa nguvu nikaiacha kamba. Faustina alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama ng'ombe, akanitazama mimi na matope yangu, akasema, "Ingia ule."

Nililala kwake usiku ule, na mwingine, kisha mvua zikakolea, tukaanza kupanda viazi pamoja.

Fanueli hajafa kwa upweke. Mbeya walimwita awafundishe mzunguko wa mifugo, na nasikia kule sasa ng'ombe wanahamishwa kijiji hadi kijiji kutangulia magari ya wageni. Kalinga amepandishwa cheo. Lusinga bado tunachota maji mtoni. Mwenyekiti wetu alipokwenda mkoani kuuliza, aliambiwa Lusinga imeshafikiwa, kupitia kijiji cha barabarani.

Siku za wageni, Devotha, mke wa jirani, ndiye anayesimama pembeni ya mume wangu, amevaa kitenge cha mradi, akijibu kwa jina la Mama Anord. Wanasema anafanya vizuri, ana tabasamu. Fanueli alituma mtu kuniambia mlango uko wazi, lakini nije kabla ya mwezi wa sita, kuna ujumbe mkubwa. Nilimwambia yule mtu asubiri kidogo. Nikampa gunia, akatusaidia kuzoa viazi vya mstari ule wa mwisho kabla giza halijaingia, kisha nikamwacha aende zake bila jibu.