Mkono wa Mama Kambi

Hyasinta aliingia jikoni kwenye kambi ya timu ya mpira ya Radi ya Gerezani akiwa bado amevaa nguo nyeusi. Mumewe, Ignasi, aliyekuwa winga wa kushoto wa timu hiyo, alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa figo, na klabu haikuwa na cha kumpa mjane wake zaidi ya kazi. Mzee Awadhi, fundi cherehani wa Mtaa wa Kipata na mmoja wa waasisi, ndiye aliyemwendea nyumbani kwake Buguruni.

"Shemeji," alimwambia, "wale vijana hawana mama hapa mjini. Njoo uwapikie."

Akaenda. Tangu hapo kila mchezaji aliyepita pale, awe wa Masasi au wa Moshi, alimwita Mama Kambi.

Radi ilianzishwa na wachukuzi wa sokoni na mafundi cherehani, watu waliochoka kushangilia timu za wengine. Jezi za kwanza, za zambarau, Awadhi alizishona kwa kitambaa cha mapazia. Walichezea mchangani Jangwani, na bonde likijaa maji walihamia popote palipokauka. Wakapanda daraja, wakapanda tena, hadi wakafika Ligi Kuu. Mwaka mmoja wakamfunga kigogo mmoja wa mjini. Bao lilikuwa la Ignasi, tena la kichwa, mtu mwenyewe mfupi kama pipa. Siku hiyo wachukuzi waliwapakia wachezaji kwenye mikokoteni wakawasukuma kutoka uwanjani hadi Gerezani, na wauza khanga wakatandika bidhaa zao barabarani mikokoteni ipite juu.

Raha hiyo haikudumu. Mpira uliingiwa na makampuni, na makampuni yalikwenda kwa wakubwa. Mchezaji wa Radi aking'ara kidogo tu, kesho yake anachukuliwa. Wachukuzi walizeeka, watoto wao wakashabikia vigogo wanaoonekana kwenye runinga. Radi ikawa inaponea chupuchupu kila msimu, na kambini mambo yakawa mabaya kuliko uwanjani.

Hayo ya kambini aliyajua Hyasinta peke yake. Wanachama waliokuwa wakipiga soga barazani kwa Awadhi walijua nani kakosa penalti. Hawakujua kwamba maharage yanaongezwa maji mara mbili. Asubuhi moja alimkuta Samson, beki wa kati, sokoni na gunia la vitunguu mgongoni.

"Leo si kuna mechi?" alimuuliza.

"Ipo, Mama. Natafuta kwanza chochote cha kutia tumboni."

Wiki hiyohiyo Beno, golikipa, alianguka mazoezini. Wenzake walidhani kaumia. Hyasinta alimpa kikombe cha uji, akamwona anavyoumaliza kwa mkupuo na kulamba ukingo, akaenda nyuma ya jiko kulia ili kijana asimwone.

Ndipo akatokea mfanyabiashara wa madini kutoka Kanda ya Ziwa. Hakutaka jina wala zambarau yao. Alitaka nafasi yao ya Ligi Kuu. Timu ingehamia kwake na kuitwa Chuma Stars. Wachezaji wangechukuliwa wote.

Mwenyekiti, Tarsis, mfanyabiashara wa vitenge vya jumla, aliitisha mkutano. Ukumbi ulijaa watu ambao uwanjani hawakuwa wameonekana kwa miaka. Mzee Awadhi alisimama, kofia mkononi.

"Timu si mbuzi uipeleke mnadani," alisema. "Tukikosa, tushuke daraja. Tukishuka, turudi mchangani Jangwani. Tulianza na mapazia, nani kafa?"

Walimpigia makofi, wengine wakafuta machozi. Hyasinta naye alilia. Lakini Tarsis alipouliza wanaokubali kuuza wanyooshe mikono, yeye alinyoosha wake. Hakutoa hotuba. Alimfikiria Beno na kile kikombe, akauacha mkono juu mpaka walipomaliza kuhesabu.

Walionyoosha walikuwa wengi. Lakini kati yao wote Awadhi aliuona mkono wa Hyasinta tu. Mlangoni Hyasinta alimsogelea.

"Shikamoo, shemeji."

Mzee hakuitikia. Alimtazama kama anayetafuta jina lake.

"Ignasi angekuwa hai," alisema mwishowe, "asingenyoosha mkono ule."

"Ignasi hakuwahi kuingia jikoni."

"Umetuuza, mama."

Hakumwita tena shemeji; alimwita mama, kama mtu anavyomwita mwanamke yeyote njiani. Hilo lilimchoma kuliko neno kuuza.

Basi la Chuma Stars lilikuja kuwachukua wachezaji siku ya Jumatatu. Mpishi hakuwa kwenye mkataba. Beno alimkumbatia, Samson akaahidi kupiga simu, na kwa mwezi mzima kweli alipiga. Nyumba ya kambi ilibomolewa ili lijengwe ghorofa la maduka, na Hyasinta akafungua genge la chakula karibu na mafundi magari wa Buguruni. Mafundi walikula, wakalipa, wakaondoka. Hakuna aliyemuuliza amelalaje. Kila alipofika Kariakoo kununua mchele alizunguka mbali ili asipite mbele ya cherehani ya Awadhi.

Msimu uliofuata Chuma Stars walikuja Dar kucheza na timu ya hapahapa. Hyasinta alifunga genge mapema akaenda. Upande wa wageni jukwaa lilikuwa tupu, isipokuwa mzee mmoja aliyevaa jezi ya zambarau iliyopauka. Hyasinta alimtambua, akasimama kidogo chini ya ngazi. Kisha akapanda, akaketi, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

"Shikamoo, Mzee Awadhi."

Mzee alivua kofia, akaiweka gotini. "Marahaba."

Timu iliingia na jezi za kijivu. Wengi walikuwa wageni; wa zamani walikuwa Samson pale nyuma na Beno langoni. Kipindi cha pili Samson alifunga kwa kona. Awadhi aliinuka, mikono juu, mdomo wazi, na hapo akakwama. Jina la kupaza hakuwa nalo. "Radi" haikuwepo, na "Chuma" haikutoka. Akaketi polepole, akajifuta uso kwa kofia. Hyasinta aligeukia kwingine.

Baada ya mechi Beno aliwaona, akaja mpaka kwenye uzio. Alikuwa amenenepa mabega, ngozi inang'aa.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," alisema Hyasinta, na swali likamtoka lenyewe: "Mnakula?"

"Tunakula, Mama. Tunakula vizuri sana. Nyama kila siku." Alichezea glavu zake. "Ila kule hakuna mtu anayetujua. Tukishinda tunapanda basi. Tukifungwa tunapanda basi."

Akaitwa, akaondoka mbio.

Walitoka uwanjani pamoja bila kupanga. Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu Awadhi alisimama akamsubiri, maana magari yalikuwa mengi. Walipofika ng'ambo alisema, bila kumtazama, "Kumbe kweli walikuwa na njaa."

"Kweli, mzee."

"Mbona hukuniambia?"

Hyasinta angeweza kusema aliona haya, kwamba mpishi hasemi sufuria yake ni tupu. Angeweza kusema hata mzee angeambiwa asingesikia. Badala yake alipunguza mwendo ili mzee asiachwe nyuma. Waliagana Mnazi Mmoja.

Mwezi wa Ramadhani Awadhi alifariki, kwa presha. Hyasinta alipata habari sokoni. Alikwenda msibani akiwa na woga, lakini Hajira, binti wa marehemu, alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mama. Baba alikutaja. Alisema siku moja angepita gengeni kwako. Kila akijiandaa, anasema kesho."

Hyasinta alivua viatu. Uani wanawake walikuwa wamewasha kuni kuandaa futari ya waombolezaji. Barazani walijaa wazee wa Radi, wachukuzi na mafundi, na Tarsis kajibanza pembeni peke yake. Tangu siku ya mkutano hawakuwa wamekutana wote. Walizungumza kwa sauti ya chini, wakitazama sakafu. Hyasinta alijifunga khanga kiunoni, akachukua mwiko, akapakua. Adhana iliposikika walikula, wakanawa, kisha wakaanza kuondoka mmojammoja, kila mtu na njia yake.