Mtu wa Nyuma ya Pipa

Mama yetu hajui kusoma, na kwa umri aliofikia hataki tena kufundishwa. Aliposikia kwamba jumba moja la kuchapa vitabu kule Boston linatoa historia ya mapigano ya majini ya vita vyetu wenyewe kwa wenyewe, yenye michoro mikubwa, aliniita akaniambia niende nikaone wamemchoraje mwanawe. Hakuniomba. Mama Peake haombi.

Mwanawe huyo ni Enoch, mdogo wangu. Tulijiandikisha pamoja hapa New Bedford, Kaskazini na Kusini ya Amerika zikichinjana, tukapangwa kwenye mzinga mmoja ndani ya manowari Merribrook. Mimi nilirudi. Yeye tulimzika ukingoni mwa mto huko Carolina, na picha yake hatuna hata moja. Kwa hiyo nilipopanda treni nilijua ninachokifuata, na nilijua pia kwamba nikirudi bila hicho bora nisirudi.

Mchoraji aliitwa Lathrop, kijana mpole mwenye vidole vya wino. Alikuwa anachora moja kwa moja kwenye ubao uliopakwa chokaa, na alikuwa ametuandikia mabaharia tuliobaki twende tumsahihishe. Nikamkuta Malachy Tierney ameshafika. Huyu ni Mwairishi wa mzinga wetu, siku hizi ana kilabu cha pombe mjini na nishani kifuani. Alisimama katikati ya chumba ameshika fimbo ndefu, anachorwa.

“Peake! Bado unapumua?”

“Napumua. Na wewe bado unanuka bia.”

Tukakumbatiana, na wallahi nilifurahi kumwona. Kisha nikautazama ubao.

Mzinga ulikuwepo, moshi ulikuwepo. Kwenye dirisha la mzinga, kifua nje, mti wa kushindilia baruti mkononi, alikuwa Malachy. Mshindiliaji lazima atoe mwili nje ya meli, na wapiga risasi wa adui ukingoni mwa mto humsubiri yeye tu. Pale ndipo Enoch alipouawa. Na nyuma ya pipa la maji alichuchumaa mtu ameziba masikio, macho kayatoa kama mayai. Huyo alikuwa mweusi, kama sisi akina Peake. Ndiye mweusi pekee kwenye picha nzima.

Damu ikanichemka. Nikamuuliza Lathrop huyo ni nani. Akajibu kwa adabu kwamba Bwana Tierney alimsimulia kuwa kuna mtu alijificha, naye akajazia sura. Akaongeza kwamba mchongaji anakuja alasiri hiyo hiyo kuuchukua ubao akauchonge uwe wa kuchapia, na kisu kikishapita hakuna kurekebisha tena, basi kama nina neno niliseme upesi. Nikavuta kiti, nikakiweka kati ya ubao na mlango, nikakaa. Nikamwambia huyo mchongaji akija ataanza kunichonga mimi.

Sasa nisikilizeni. Nilijua nani alijificha. Nilimwona kwa macho yangu: alikuwa Malachy, kijana wa miaka kumi na tisa, vita vyake vya kwanza. Enoch alipoanguka alitoka, akauokota mti mkononi mwa ndugu yangu, akashindilia mpaka meli ikaponea chupuchupu. Ofisa aliteremka wakati huo, akamwona, ndiyo ile nishani. Sijawahi kumwambia mtu. Angekuwa mwoga angetoka? Lakini wanasema asiyekuwepo na lake halipo, na nilikuwa naona la Enoch likigawiwa mbele ya macho yangu. Sentensi moja tu ingetosha. Ulimi ulikataa.

“Aliyekuwa dirishani ni Enoch Peake,” nikasema. “Mrudishe mahali pake. Na huyo wa pipa mfute. Hakuna aliyejificha.”

Lathrop akasema taarifa ya ofisa inamtaja Tierney. Akaniuliza kama nina shahidi. Nikajikita kitini. Ningekaa pale mpaka wanibebe.

Mkono wa Malachy ulikuwa umeanza kushuka na ile fimbo.

“Lathrop,” akasema, “nilikwambia mtu alijificha. Sikukwambia rangi yake.”

Mchoraji akawa mwekundu kwa aibu. Akasema alidhani tu.

“Ndiyo, ulidhani. Na mimi nikakuacha udhani.”

Akaiweka fimbo chini, akaenda nyuma ya ndoo ya makaa, akachuchumaa na magoti yake mabovu yale, akaziba masikio. “Chora. Ni mimi.”

Nikamwambia ainuke, mzee mzima asijidhalilishe, kwani si alitoka na kuushika mti?

“Nilitoka Enoch ameshakufa.” Hakuniangalia. “Absalom, tulikuwa tunapokezana dirishani, mimi na yeye. Wewe ulikuwa kwenye kamba za kuvutia mzinga, hukuweza kuhesabu zamu. Ile ilikuwa yangu. Alinishika shingoni, akaniweka nyuma ya pipa yeye mwenyewe. Akasema nikae hapo mpaka nitakapoacha kutetemeka, yeye atanishikia zamu.”

Nilitaka kumpiga. Miaka yote ile namtunzia siri, kumbe nimetunza nusu tu. Nilimsogelea nimekunja ngumi, na nilipomfikia nikaona analia waziwazi kama mtoto. Nikamshika kwapani nikamwinua, maana peke yake asingeweza.

Lathrop akauliza sasa afanye nini. Nikaichukua fimbo, nikasimama dirishani mwa mdogo wangu. Sura ya baba yetu tulirithi sote wawili, pua na paji la uso.

“Hapa nichore mimi, lakini ujana umpe yeye,” nikamwambia. “Na huyu Malachy mweke nyuma ya pipa. Ila mchore anatoka.”

Mama ataniuliza yule kijana mweupe anayetoka nyuma ya pipa ni nani, na nitamwambia. Lathrop akalowanisha kitambaa, akaanza kufuta.