Wi-Fi ya Chini ya Kitenge

"Mi naonjaka ordinateur na kidole!" Gradi alitangaza katikati ya mtaa wa Kamalondo, mpaka fundi cherehani wa kando ya njia akasimamisha mguu. "Nikigusa kompyuta tu, najua kama itapatana na Linux. Sijakosea hata siku moja!"

Mama Josée, aliyekuwa anatafuta kompyuta, akacheka, mara ya kwanza tangu akimbie Goma. Vita ilikuwa imemeza duka lake la jumla na malori yake, isipokuwa moja, lililokuwa bado njiani na mizigo kuelekea Kasomeno. Alikuwa anafungua upya depo, ghala la kuuzia bidhaa, na safari hii hakutaka mfumo wa kompyuta ulionakiliwa kwa wizi. Ule wa Goma ulijaa virusi ukamlia kazi yote. Alitaka Linux, mfumo usiouzwa, ulio wazi kwa kila mtu.

"Mutoto yangu, unichagulie kompyuta muzuri," alisema. "Ukipatia, kazi ya depo ni yako. Ukikosea, natafuta mwingine."

Kazi! Gradi alikuwa amemaliza sekondari zamani, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kuchekesha watu.

Wakaenda kwa Dorcelle, aliyesoma na Gradi darasa moja, na ambaye sasa alimlindia kaka yake duka la kompyuta zilizotumika Ulaya.

"Eh, professeur!" Dorcelle akamlaki. "Leo unaonja na chumvi ao bila chumvi?"

"Dorcelle, lete ile nyeusi, utaona."

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na kama kila duka siku kama hizo, simu zilikuwa zinanyonya chaji kwenye betri za kompyuta mpakato. Gradi akachomeka flashi yake ya Linux. Skrini ikawaka! Sauti ikaimba! Kibodi ikatii! Akafungua mtandao, ukurasa ukaja mbio.

"Inashika! Mama, angalia, inashika!" Akacheza dansi kati ya mashine.

"Gradi, ngoja, kuko kitu..." Dorcelle alianza, akichomoa waya wa simu yake ubavuni mwa ile nyeusi.

"Usinipe mikosi!" Mama Josée akalipa; Gradi akaikumbatia mashine, akatoka mbio.

Deponi kulikuwa na umeme na kijisanduku cha Wi-Fi kinachomweka. Linux ikawaka vizuri, lakini alama ya Wi-Fi haikuonekana. Gradi akatafuta huku, akatafuta kule. Hola. Ndipo akakumbuka waya wa Dorcelle: mtandao wote ule ulikuwa umetoka kwenye simu! Kadi ya Wi-Fi ya mashine ile Linux haikuijua kabisa.

"Gradi! Niitie dereva kwenye hii kompyuta," Mama Josée alisema akiingia. "Sijalala kwa ajili ya ile lori."

Upesi Gradi akasukuma simu yake chini ya kitenge cha meza, akachomeka waya. Uso wa dereva Mwelwa ukajaa skrini, na nyuma yake lori, zima!

"Tumefika Kasomeno, Mama! Mizigo yote iko!"

Mama Josée akapiga vigelegele, akarusha viatu. "Kidole cha dhahabu!"

"Nilikuambia, Mama. Wi-Fi iko inapita kama maji!"

"Inapita wapi?" sauti ikauliza nyuma yao.

Dorcelle alikuwa mlangoni, akihema, na mkononi kidude kidogo cha Wi-Fi cha kuchomeka. "Nimekimbia nyuma yenu. Hii mashine na Linux haishikake Wi-Fi bila hiki."

Akaona waya ukiingia chini ya kitenge, akakiinua. Simu ya Gradi ilikuwa pale, moto kama kitumbua.

Mama Josée akaufuata waya kwa macho, taratibu, mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti cha mfanyakazi wa depo, akamsogezea Dorcelle.