Pete ya Lenzi ya Dada

Mtaani walimwita Mshenga, na si kwa sababu aliwahi kumposea mtu mke. Kazi yake ilikuwa kuoanisha lenzi na kamera zisizo zake. Zile kamera kubwa za filamu pana, zinazobebwa kwa mikono miwili kama mtungi, kila ukoo una mdomo wake; lenzi ya huku haiingii kule, na ukilazimisha utalia. Basi watu walimletea lenzi iliyofiwa na kamera yake, pamoja na kamera iliyokosa lenzi, naye akakereza pete ya alumini ya kukaa katikati, ndoa ikafungwa. Si kila ndoa ilikubali. Lenzi lazima ikae umbali uleule iliotengenezewa kutoka kwenye filamu, na ikizidi au ikipungua kwa unene wa ukucha tu, picha imeharibika. Ndiyo maana alikuwa na sheria moja: pete haitoki dukani kabla haijapigiwa filamu ya majaribio.

"Jicho linadanganya," aliwaambia wateja wenye haraka. "Filamu haina adabu, inasema kila kitu."

Dada yake alikuwa na studio ya picha chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati yao. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alimnunulia viatu, alimchapa alipostahili na mara nyingine asipostahili, akamfundisha kusafisha filamu kwenye dawa kabla hajajua kunyoa ndevu. Nyumba nyingi za mji ule zilikuwa na picha ukutani iliyopita kwenye lenzi yake. Yeye mwenyewe hakuwa na hata moja ya maana. Kinyozi hajinyoi, tena kinyozi huyu alikuwa mbishi: kila aliposhikiwa kamera alisema nywele zake hazijakaa sawa. Kwenye simu za jamaa zilikuwepo picha zake mbili tatu, zote amejiziba uso kwa kiganja.

Kamera yake ilipokufa kifo cha kweli, meno ya gia yamelika na vipuri havipatikani tena, alikuja kwa mdogo wake na lenzi yake imefungwa kwenye kitambaa. Mkono wa pili alishika kamera nyingine, nyeusi, nzito, aliyoachiwa na mpiga picha mmoja aliyestaafu.

"Nioanishie hawa."

"Kesho, dada."

Sasa, hakuna mteja anayengoja kama ndugu. Wageni walikuja na maneno yao ya haraka wakahudumiwa, lakini dada alikuwa palepale nyuma ya ukuta, haendi popote. Kesho ikazaa kesho. Alipopita mlangoni alimtania, "Mshenga, bibi harusi wangu anazeeka!" naye akacheka, akainamia kazi ya mtu mwingine. Studio ikawa inafungwa siku nyingi kuliko inavyofunguliwa. Dada akaanza kukonda, akasema ni kwa sababu ya kukaa bure. Hospitali walisema ni ini, na kwamba amechelewa kufika.

Ndipo Mshenga alipoingiwa na hofu. Hakuogopa kifo peke yake. Aliogopa uso ule kupotea kabisa, asibaki na pa kuutazamia. Akaenda kumwomba dada yake akae apigwe picha, hata kwa kamera ya kuazima.

"Nitazamwe na lenzi ya nani?" dada akauliza, ameegemea mito kitandani. "Ikiwa yangu, sawa. Ikiwa ya watu, niache nilale."

"Basi nipe siku chache."

"Hizohizo ndizo nilizo nazo, mdogo wangu."

Alifunga duka, akaweka kazi zote za watu chini ya meza. Alikereza pete, akaipima, akaikereza tena, mpaka lenzi ikaingia na kujifunga bila kucheza. Kwa kuwa dada alichukia vumbi kuliko wezi, akakitoa na kioo cha kutazamia kilichomo juu ya kamera ili akifute. Kioo kile kina upande laini na upande uliokwaruzwa ukawa na ukungu, na sura ya kitu hutua kwenye ule wenye ukungu. Upande wa ukungu hukaa chini. Mshenga alilijua hilo kama alivyojua jina la marehemu mama yake.

Kioo kikiwa bado mkononi, simu ikalia. Alikuwa mpwa wake, binti pekee wa dada.

"Mjomba, mama leo ameamka vizuri! Ameoga, anataka achanwe nywele. Njoo leoleo, ya kesho hatuyajui."

Akakirudisha kioo mahali pake kwa haraka, macho yake tayari yako mlangoni. Akaielekeza kamera kwenye bango lililokuwa juu ya paa la mbali, akaisugua pete kwa msasa kidogo kidogo mpaka herufi za bango zikasomeka vizuri kiooni. Na filamu ya majaribio? Kuipiga, kuisafisha, kuikausha, siku ingekwisha. Kwa mara ya kwanza akaiachia pete itoke hivyohivyo. Sheria aliyowabania wateja miaka yote aliivunja kwa mtu aliyempenda kuliko wote, na aliivunja kwa sababu ya mapenzi yenyewe.

Walimweka dada kwenye kiti karibu na dirisha, pazia la maua nyuma yake. Alikaa mbele, ukingoni mwa kiti, mgongo wima, kama alivyowakalisha wateja wake maisha yake yote. Kisha akaanza kuamuru.

"Sogeza hilo pazia jingine. Mwanga huu utaniua kabla ya ini."

"Dada, tulia."

"Nikitulia, nani ataendesha studio? Inua kamera kidogo. Unataka kupiga pua?"

Wote watatu wakacheka. Mshenga akazungusha lenzi mpaka akaziona kope za dada yake kiooni, moja moja, na moyo wake ukajaa. Alipiga, akazungusha filamu, akapiga tena. Dada alitabasamu, akainua kidevu, akamkodolea macho kumtania. Ikabaki picha moja. Dada akasema, "Inatosha," akajiegemeza nyuma mpaka kichwa kikagusa pazia. Kiooni uso wake ukafifia. Mshenga hakujisumbua kuutafuta tena, akabonyeza tu ili filamu iishe.

Dada alifariki wiki ileile. Wageni wa msiba walipotawanyika, mpwa akauliza swali ambalo Mshenga alikuwa akilisubiri.

"Mjomba, picha ya mama imetoka? Nataka kuitundika."

"Kesho mchana njoo uichukue," akasema, na safari hii kesho yake ilikuwa ya kweli.

Aliisafisha filamu kwa uangalifu wote aliofundishwa. Alipoiinua kwenye mwanga, akaona maua ya pazia, majani yake, hata nyuzi za mshono. Mbele ya pazia palikuwa na uso kama mvuke wa birika. Picha ya pili vilevile, ya tatu vilevile, tabasamu lote, kidevu chote, utani wote umeyeyuka. Akaifungua kamera, akapitisha kidole juu ya kioo. Kilikwaruza. Upande wa ukungu ulikuwa juu, na sura ilikuwa imetua mbali zaidi kwa unene wa kioo. Jicho lake lilikuwa limeona kope mahali ambapo filamu haikuziona, na hata pete aliisugua kwa kipimo cha uongo.

Akakaa sakafuni, akalia kwa sauti kama mtoto. "Dada, nilichelewa," alisema, "halafu nikaharakisha."

Ilibaki ile ya mwisho, na hiyo ilikuwa safi. Dada alipojiegemeza nyuma alifika palepale lenzi ilipokuwa ikitazama. Alionekana mpaka vinyweleo. Midomo ilikuwa imebanwa kwa maumivu, macho yako wazi, yanamtazama aliyeshika kamera, na ndani yake mlikuwa na woga ambao Mshenga hakuwahi kuuona kwa dada yake tangu azaliwe. Akatamani kuikata na kuitupa.

Hakuitupa. Aliichapa pamoja na nyingine, na mpwa alipokuja mchana alizikuta zote mezani. Mshenga akamweleza kosa lake bila kujificha, kisha akaisukuma ile safi pembeni. "Hii usiitazame. Chukua mojawapo ya hizi, angalau anacheka."

Mpwa akaivuta, akaitazama kwa muda mrefu. Machozi yakamdondoka.

"Ndiye huyu," akasema. "Kila ukishafunga mlango, mjomba, alikuwa anakaa hivi. Akaniapisha nisikwambie. Alisema ukimwona hivi mikono yako itatetemeka, utashindwa kukereza."

Mshenga akachukua kisu na rula, akaanza kuzinyoosha kingo za picha ile, na mpwa wake akamshikia karatasi, maana mikono ya mjomba haikutulia.